Siku Moraa Alipomkataa Mama Yake

Kabla hujampokea mtoto wa mtu, simama akuangalie. Usimnyakue mgongoni kwa mama yake huku ukiuliza ameamkaje na amekula nini. Simama mbele yake, karibu kama uso wa mama ulivyo karibu na mtoto anayenyonya, nyamaza kidogo, umwache akusome. Ataanza na nywele zako, au kitambaa ulichojifunga kichwani. Kisha atashuka kwenye macho. Akimaliza utajua tu, kwa sababu mwili wake utalegea. Kama kuna jambo moja ningependa kuwaachia ninyi wasichana mnaofungua deikea, hizi nyumba za kulelea watoto, huko Kericho mjini na Litein, na hata hapa kwetu Kapkatet, ni hilo. Mambo ya nepi mtajifunza wenyewe.

Mimi naitwa Eunice, ingawa kazini nilijulikana kama Mama Chebet, na tangu nistaafu watoto wa majirani wananiita kogo, yaani nyanya. Nimelea watoto kwenye kreshi ya shamba kubwa la chai tangu nikiwa msichana mwenye meno yote. Ilikuwa nyumba ndefu ya mabati katikati ya chai. Akina mama walikuwa wakifika asubuhi ukungu haujaondoka, mtoto mgongoni, kikapu mkononi, aproni ya nailoni ikipiga kelele kila hatua. Wakituachia mtoto wanakimbia kuitikia jina kwa nyapara. Saa nne walirudi kunyonyesha, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu wa majani, na hapo ndipo mimi nilijifunza kazi yangu yote. Ukitaka kujua mtoto anaona nini, mwangalie wakati mama yake anaingia mlangoni.

Aliyenifundisha kuangalia ni Mama Rodah, msimamizi wetu wa kwanza. Alikuwa mwanamke mfupi wa maneno machache, na shule aliiacha mapema. Mwezi wangu wa kwanza nilikuwa na tabia ya kumbembeleza mtoto nikiwa nimesimama upande wa kichwa chake, namwinamia kutoka nyuma. Watoto walikuwa wananiangalia kwa wasiwasi, wengine wanalia, nami nikaanza kuamini nina uso mbaya. Mama Rodah hakunieleza lolote. Aliniambia nilale kwenye mkeka, akaja upande wa kichwa changu, akaniinamia hadi nikaona kidevu chake kiko juu na macho yapo chini, mdomo unaongea mahali paji la uso linapotakiwa kuwa. Akaniuliza kama yeye ni mrembo. Nilicheka nikashindwa kuinuka. Tangu siku hiyo nawaendea watoto kutoka mbele, macho juu na mdomo chini, vile Mungu alivyopanga.

Mengine niliyaona mwenyewe. Mwaka mmoja wafanyakazi wote wa kuchuna chai waligawiwa vitambaa vya kichwa vya rangi moja, vyekundu. Saa nne ya siku ya kwanza ilikuwa vita. Watoto wa miezi miwili, mitatu, walikuwa wanamchangamkia yeyote mwekundu, na mtu akishapokea wa mwenzake, mwenye mtoto analalamika. Lakini wale wa miezi minane hawakudanganyika hata dakika moja. Walitazama kitambaa, wakachungulia chini yake, wakamkataa asiye wao. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtoto mchanga anamjua mama yake kwa ukingo, pale kichwa kinapoishia, na akikua ndipo anaingia ndani kwenye macho na pua.

Na akina baba, maskini. Mtoto anashinda na wanawake mchana kutwa, usiku yuko kifuani kwa mama, halafu Jumapili baba anataka achekewe. Nyapara mmoja mwenye masharubu alikuwa akija na biskuti mfukoni, na binti yake akimwona tu anapiga kelele mpaka sisi tunaona haya kwa niaba yake. Nilimwambia achuchumae, asimguse, aongee tu. Alichuchumaa wiki mbili na suruali yake ya kazi. Wiki ya tatu mtoto alimshika masharubu akavuta kwa nguvu zake zote, na yule mwanamume machozi yakamtoka, sijui ni ya maumivu au ya furaha.

Sasa mtaniona kama mtu aliyejua kila kitu. Ndiyo maana nataka kuwasimulia juu ya Nyaboke, kwa sababu kosa nililomfanyia ningelificha kama ningeweza, na nimeshukuru miaka mingi kwamba lilirekebishika.

Mama Rodah alipostaafu akaenda kwake, kwenye shamba lake dogo la chai na ng'ombe wawili upande huu wa Kapkatet, mimi ndiye niliyechukua usimamizi. Kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, majirani wanachukuliana watoto, na mara nyingi mama alikuwa anafika anakuta mtoto ameshaenda na mtu, inakuwa ugomvi. Kwa hiyo nikaweka sheria. Akija mtu tusiyemjua kumchukua mtoto, tunamleta mtoto mlangoni. Mtoto akimkubali, anaenda naye. Akimkataa, haendi. Nilijivunia sheria hiyo kuliko cheti chochote. Nilikuwa nawaambia wageni kwamba kwangu mtoto ndiye kitambulisho.

Nyaboke alikuwa ametoka upande wa Kisii, ameolewa na kijana aliyefanya kazi kiwandani. Alileta binti yake, Moraa, akiwa na miezi minne kasoro, na kwa wiki tatu nilimpokea mtoto huyo kila asubuhi kutoka kwenye mikono yake. Alikuwa akijifunga kitambaa kikubwa cha njano, kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Kisha mama yake mzazi akafariki. Moraa alikuwa na kifua, na mhudumu wa zahanati alikataza asisafirishwe kwenye baridi. Nyaboke akaenda kuzika peke yake. Alikaa siku sita. Baba ya Moraa ndiye aliyekuwa akimleta asubuhi na kumchukua jioni, na mtoto alikuwa akinyweshwa maziwa ya kununua kwa kikombe.

Siku ya sita, saa tisa alasiri, mvua yetu ya kawaida ikiwa imeanza, alikuja mwanamke mlangoni na mkoba wa safari. Kichwa kilikuwa kimenyolewa kipara, maana kwao nyumbani bado wanashika mila ya kunyoa wakizika mzazi. Alikuwa na sweta nyeusi, macho yamevimba, na sauti imekauka kwa kilio, inatoka kama hewa tu. Aliomba Moraa. Nilimuuliza yeye ni nani wake. Akasema ni mama yake.

Nilicheka kidogo. Hicho kicheko ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Nikamleta Moraa, kwa sababu sheria ni sheria. Mtoto alimwangalia, akaangalia pale nywele zinapotakiwa kuanza, akatafuta, hakuona. Mdomo wa chini ukageuka. Alipiga kelele akaficha uso wake shingoni kwangu. Nami, mbele ya akina mama wawili wa laini ya mbali waliokuwa wamekuja mapema, nikamwambia yule mwanamke kwamba mtoto amesema hamjui. Hakubishana. Aliketi kwenye benchi la veranda, mvua ikimrushia miguuni, akangoja. Mume wake alipotoka kazini alimwita kwa jina, na mimi nikatamani sakafu ipasuke.

Mngedhani mambo yangeishia hapo, lakini neno la mlangoni lilienda haraka kuliko mimi. Nyumbani Moraa alikataa titi usiku ule. Alikataa na siku iliyofuata. Kila Nyaboke akimwinamia, anageuza kichwa. Kwenye laini watu wakaanza kusema mtoto ameona kitu, kwamba mama amerudi na kitu kutoka matangani, na kwamba hata Mama Chebet wa kreshi alikataa kumpa. Jina langu ndilo lililotumika kama ushahidi. Mama mkwe akasikia kwa simu, akasema atakuja Jumamosi amchukue mjukuu wake amlee kijijini mpaka hali itulie. Mtoto wa miezi minne akienda hivyo, maziwa ya mama yanakauka, na kurudi kwake hakuna ajuaye ni lini.

Alhamisi saa nne Nyaboke alikuja kreshi, akanivuta kando karibu na tangi la maji. Sweta yake ilikuwa imelowa kifuani.

"Mama Chebet," aliniambia, "maziwa inauma. Na Jumamosi mtoto anaenda. Ni wewe ulisema hanijui. Sasa sema ananijua."

Ningesema nini, na mtoto mwenyewe anageuza uso? Jioni nilipofunga kreshi nilienda moja kwa moja kwa Mama Rodah. Nilimkuta bado yuko kwenye chai yake, anachuna, na hakuacha kuchuna nilipokuwa naeleza. Aliniuliza huyo mama alikuwa anajifunga nini kabla ya msiba. Nikajibu haraka, kitambaa cha njano, mpaka kwenye nyusi. Akaniuliza sauti yake ikoje sasa. Nikamwambia imeisha. Kisha akauliza uso wake ukoje.

Nilifungua mdomo. Sikujua. Wiki tatu nimempokea mtoto mikononi mwake, na sikuweza kusema kama pua yake ni ndefu au fupi, kama ana mwanya au hana. Nilikuwa nimekijua kitambaa.

Mama Rodah aliacha kuchuna akaniangalia. "Basi wewe na huyo mtoto muko darasa moja," alisema. "Na yeye ako na miezi minne."

Alikuja Ijumaa asubuhi, amevaa viatu vyake vya kanisani. Nyaboke alikuwa ameombewa ruhusa kwa nyapara. Mama Rodah alimnywesha uji wa moto polepole ili koo lifunguke. Akamtuma kuleta kile kitambaa cha njano na leso aliyokuwa akimbebea Moraa, na akasisitiza iwe ile ambayo haijafuliwa. Akamtupia leso begani ili mtoto apate harufu yake ya kawaida, akamfunga kitambaa mwenyewe, akauliza kilikuwa kinafika wapi, akakishusha mpaka kwenye nyusi. Tukaingia chumba cha nyuma, sisi wanne. Mimi nilikuwa nimemshika Moraa.

Moraa alimwona, akakaza macho. Hakulia. Alikiangalia kitambaa kwa muda mrefu, akashuka kwenye uso, halafu akatazama pembeni. Akarudi tena kwenye kitambaa, akashuka, akatazama pembeni. Nilianza kukata tamaa. Nyaboke alikuwa amekaa wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, hakuna kitu kinachosogea usoni mwake.

"Kitambaa ameijua," Mama Rodah alisema. "Sasa anatafuta mwenye kitambaa. Cheka na yeye kidogo."

"Siwezi kucheka," Nyaboke alijibu. "Mama yangu ako kwa mchanga."

Mimi ningesema pole na kumpa leso ya kupangusa machozi. Mama Rodah alimsogezea kiti karibu na mtoto, akamwambia basi asicheke, amweleze tu Moraa huyo nyanya yake alikuwa mtu wa namna gani, kwa lugha ya kwao, kwa kuwa mtoto hajawahi kumwona.

Akaanza kuongea. Kikisii sikijui, kwa hiyo nilibaki kuangalia uso, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Mwanzoni midomo tu ndiyo ilisogea. Kisha nyusi zikaanza kupanda na kushuka chini ya kile kitambaa. Akaonyesha kitu kwa mkono, akakunja pua, akaiga mtu anayetembea na kitu kwapani. Alikuja kutueleza baadaye kwamba ilikuwa ni habari ya siku mama yake alipopeleka kuku kanisani kwa sadaka ya mavuno, akambana kwapani wakati wa maombi, na kuku akataga papo hapo, yai likaanguka miguuni kwa mzee wa kanisa. Alipofika kwenye yai kicheko kikamtoroka, kikatoka pamoja na machozi. Na ana mwanya. Mzuri sana.

Miguu ya Moraa ilianza kupiga tumbo langu. Mdomo wake ukafunguka, akafunga, akafungua tena vile mama alivyokuwa akifungua. Akanyoosha mkono akagusa shavu lililolowa, akaushika mdomo ule uliokuwa unacheka, kisha akaegemeza mwili mzima upande ule, hata sikuhitaji kumkabidhi. Alipoanza kunyonya nilisikia anavyomeza. Nilitoka nje nikalie vizuri kwenye tangi la maji, na sioni haya kusema.

Mama mkwe alifika Jumamosi kama alivyoahidi, na mfuko wa ndizi. Alimkuta mjukuu wake kifuani. Aliketi akaangalia muda mrefu, mwishowe akasema alikuja kuchukua mtoto, amepata mtoto ako na mwenyewe. Akalala siku mbili akarudi kwake.

Kazi haikuisha siku hiyo, na hapa sikilizeni kwa makini kwa sababu ni ufundi. Mama Rodah alimwambia Nyaboke asikivue kitambaa ghafla. Kila siku akivute nyuma upana wa kidole, na akiwa ananyonyesha aongee. Baada ya siku saba au nane kichwa kilikuwa wazi, na Moraa alikuwa anakipiga makofi kile kipara huku anacheka.

Jumatatu iliyofuata niliomba msamaha. Nilikuwa nimemwaibisha mbele ya watu, kwa hiyo nilingoja saa nne, akina mama wamejaa, nikasimama nikasema kwa sauti kwamba mtoto hakukosea na mama hakuleta kitu chochote kutoka matangani. Mimi ndiye niliyeshindwa kumjua mtu. Nyaboke alikuwa amekaa karibu na dirisha. Aliniitikia kwa kichwa tu, na ilinitosha.

Sheria yangu niliibadilisha siku hiyo hiyo. Kila mama mpya, siku ya kwanza, nilimwomba avue kitambaa nimwangalie. Wengine walidhani natafuta chawa. Nilimwangalia nywele, masikio, meno akicheka, mwendo wake akitoka, jinsi anavyobeba bega moja juu kwa sababu ya kikapu. Mtoto anatumia miezi kujifunza mwili huo. Mimi nilipewa mshahara, na nilikuwa nataka kujifunza kwa kitambaa.

Ilipokuja korona tukavaa barakoa, wengi waliogopa kwamba watoto watatusahau. Tulikuwa tunasimama nje ya dirisha tukiwa na uso wazi, tunawaongelesha, halafu tunavaa wakituona, ndipo tunaingia. Walijifunza kutusoma kwa macho na nyusi, hata wakaanza kucheka kabla hatujasema neno. Nawashukuru sana wale watoto, kwa vile walituvumilia.

Siku hizi mashine za kuchuna chai zimeingia, na kreshi niliyoiacha ina watoto wachache. Ninyi mnalea kwenye vyumba vyenye picha ukutani na vigae sakafuni, na sina wivu. Lakini nawaona nikija kumtembelea mjukuu wangu. Mtoto ananyonya chupa, macho yake yamekukazia wewe, na wewe macho yako yako kwenye simu. Uso wako upo lakini hausogei. Anakuita kwa nyusi, anakuita kwa mdomo, halafu anachoka anatazama pembeni. Nimeuona mtazamo huo wa pembeni mara moja nikiwa nimemshika Moraa, na nawaomba, wekeni simu kwenye kabati mpaka chupa iishe.

Mama Rodah bado yuko, ng'ombe amebaki mmoja. Nikienda kumsalimia namwambia asante, naye anajifanya hajui ni ya nini.

Nyaboke alipata mtoto wa pili, wa kiume, miaka miwili baada ya yale. Likizo yake ilipoisha alikuja naye asubuhi ya kwanza. Wakati huo tulikuwa watatu pale mlangoni, na wenzangu wawili walikuwa vijana, wepesi wa mikono kuliko mimi, wakamnyooshea. Alikuwa na haki ya kumpa yeyote kati yao. Mimi nilikuwa nimerudi nyuma kidogo, kwa aibu iliyokuwa haijaisha. Aliwapita wote wawili, akamfungua mtoto kwenye leso, akanikabidhi.

"Mama Chebet, uso yangu anaijua," alisema. "Ya pili, nataka ikuwe yako."